Kutoka Bikoni hadi Mtaani: Historia ya Masomo ya Miji Dar es Salaam

Masomo ya miji katika ngazi ya shahada ya kwanza nchini Tanzania yana chimbuko lake katika shule ndogo ya wapima ardhi iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1956. Shule hiyo ilianzia Mgulani, mahali ilipo sasa kambi ya Jeshi la Wokovu, na mwaka 1958 ikahamia kilima cha Observation Hill, jirani na eneo ambalo baadaye lilijengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haikufundisha habari za mji. Ilifundisha vijana kuvuta mnyororo, kusoma theodolaiti, kukokotoa pembe, kusimika bikoni na kuchora ramani ya viwanja. Waliohitimu walipata vyeti vya ufundi na kuwa wasaidizi wa maofisa waliokuwa na mamlaka ya kuamua kiwanja kikae wapi na kiwe cha nani.

Mgawanyo huo wa kazi haukutokea kwa bahati mbaya. Tangu Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga miaka ya 1860, mji huu ulitawaliwa na watu waliopanga mambo wakiwa nje ya mitaa iliyopangwa. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapo mwaka 1891, wakatoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya majengo: huku mawe na mabati, kule miti, udongo na makuti. Waingereza waliowafuata walizikaza kanuni hizo hadi zikawa kanda tatu ambazo wenyeji walizijua kwa majina yao wenyewe, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo, mtaa uliokulia kwenye kambi ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya afya, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kutenganisha watu.

Mpango mkuu wa kwanza wa mji, uliokamilika mwaka 1949, ulitengenezwa na kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb. Haukutaja rangi ya mtu. Ulizungumzia maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa, ingawa kila aliyeutazama alijua nani angeishi wapi. Mwaka 1956, mwaka uleule shule ya upimaji ilipoanza, Tanganyika ilipata sheria ya mipango ya miji na vijiji iliyofuata mfano wa sheria za Uingereza. Kwa sheria hiyo mji ulikuwa mchoro ulioidhinishwa, na mpimaji alikuwa mtu wa kuuhamisha mchoro kutoka karatasini hadi ardhini.

Nje ya Afrika, elimu ya miji ilikuwa imeshika njia mbili. Ya kwanza ni njia ya mchoro. Chuo Kikuu cha Liverpool kilifungua idara ya usanifu wa miji mwaka 1909 kwa fedha za William Lever, tajiri wa viwanda vya sabuni, na mwalimu wake mkuu wa kwanza alikuwa Stanley Adshead. Huyu ndiye aliyetengeneza mpango wa Lusaka mwaka 1931, mji ulioundwa kuwa makao makuu mapya ya Rhodesia ya Kaskazini. Ya pili ni njia ya kuuliza. W. E. B. Du Bois alichapisha utafiti wake juu ya Weusi wa Philadelphia mwaka 1899, baada ya kupita nyumba hadi nyumba akihoji watu. Miaka minne kabla yake, wanawake wa Hull House mjini Chicago walikuwa wametoa ramani za mitaa yao zilizoonyesha mataifa na mishahara ya wakazi. Idara ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Chicago, hasa chini ya Robert Park na Ernest Burgess katika miaka ya 1920, ikageuza uchunguzi wa aina hiyo kuwa somo la darasani. Huko Marekani, programu nyingi za masomo ya miji kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza zilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya ghasia za Watts, Newark na Detroit kuwalazimisha wakuu wa vyuo kutazama mitaa iliyokuwa ng'ambo ya uzio wao.

Njia zote mbili zilifika Afrika Mashariki, lakini hazikufikia mlango mmoja. Mchoro ulikuja na serikali. Kuuliza kulikuja na Makerere, ambako taasisi ya utafiti wa jamii ilianza kazi karibu na mwaka 1950. Aidan Southall na Peter Gutkind walichunguza maisha ya Kisenyi na Mulago, vitongoji vya Kampala, na Dar es Salaam ikapata mchunguzi wake katika J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya uchunguzi wa mji huo mwaka 1956 na 1957. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963, nchi ikiwa tayari huru.

Leslie aliona jambo ambalo michoro ya Gibb haikuliona. Makazi ya Waafrika wa mjini yalijengwa na Waafrika wenyewe, chumba kwa chumba, na yalikuwa na uchumi wake. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba sita vilivyotazamana, ua nyuma na baraza mbele, ilikuwa makazi na mtaji kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akavipangisha, na baadhi ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Kodi ya chumba iliwaleta chini ya paa moja Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mngoni, wakashiriki choo, kisima na misiba. Mpangaji wa miji aliyekosa kuielewa nyumba hiyo hakuwa na namna ya kuielewa Kariakoo, Ilala wala Magomeni. Hata hivyo, hakuna dalili kwamba maarifa ya namna hii yalikuwa sehemu ya mafunzo ya vijana waliokuwa wakisoma kupima pale kilimani.

Baada ya Uhuru mji uliongezeka kasi. Sensa ya 1957 ilihesabu watu wapatao 129,000, na ya 1967 ikahesabu zaidi ya 270,000. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 na kupewa jukumu la kubomoa vibanda na kujenga nyumba bora mahali pake. Magomeni ni mojawapo ya mitaa iliyobadilishwa sura kwa njia hiyo. Ubomoaji uliondoa nyumba nyingi kwa gharama kubwa bila kuongeza nyumba kwa kiasi kilichotakiwa, hesabu ambayo fundi yeyote wa mtaani angeweza kuifanya kwa vidole. Wataalamu Watanzania walikuwa wachache mno. Wengine walipitia Nairobi, ambako Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956, wengine walikwenda Ulaya, na mpango mkuu wa pili wa Dar es Salaam, wa mwaka 1968, ukatengenezwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto.

Chuo kikuu chenyewe, kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba na kuhamia Mlimani mwaka 1964, hakikuwa na shahada ya miji. Wanajiografia na wanahistoria ndio walioushughulikia mji, kila mmoja kutoka pembe yake. Mwaka 1970 jarida la Tanzania Notes and Records lilitoa toleo zima juu ya Dar es Salaam, likihaririwa na J. E. G. Sutton, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa msaada mkubwa kwa mwanafunzi aliyetaka kuujua mji wake. Lakini upepo wa siasa ulivuma kuelekea shambani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba mijini kunaweza kukaa watu wanaoishi kwa jasho la wakulima, na wasomi wengi wa Mlimani wa miaka ya 1970 walielekeza nguvu zao kwenye vijiji vya ujamaa. Kusoma mji kulikuwa kama kusoma maradhi.

Mwaka 1972 ndio unaopaswa kutazamwa kwa makini. Mwaka huo shule ya pale kilimani ilianzisha stashahada za miaka mitatu, miongoni mwazo stashahada ya mipango ya miji na vijiji na ile ya usimamizi na uthamini wa ardhi. Kwa mara ya kwanza kijana Mtanzania aliweza kusomea nyumbani kazi ya kuupanga mji, siyo kuupima tu. Mwaka huohuo serikali ilianza utaratibu wa Madaraka Mikoani, uliozivunja halmashauri za miji na kuweka shughuli zao chini ya mikoa na wilaya. Nchi ikawa inafundisha maofisa mipangomiji huku ikifuta ofisi walizopaswa kuzitumikia. Na mwaka huohuo, kwa upande mwingine, Baraza la Mawaziri liliachana na sera ya kubomoa makazi yasiyopangwa na kuamua kuyaboresha: kuyapitishia barabara, maji na mifereji bila kuwahamisha wakazi wengi. Uamuzi huo wa mwisho ndio uliodumu katika fikra za taaluma, kwa kuwa ulimtaka mpangaji aanze na nyumba zilizopo.

Mwaka 1974 shule ikawa Chuo cha Ardhi kwa sheria ya Bunge. Wahitimu wake wa kwanza hawakukosa kazi. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na mpango wa mji huo mpya, kazi nyingine ya kampuni ileile ya Toronto, ukatoka mwaka 1976. Operesheni ya kuwahamishia watu vijijini ilihitaji watu wa kupima na kugawa maeneo nchi nzima, na hapo neno vijiji katika jina la stashahada lilipata uzito wake. Jijini Dar es Salaam, mikopo ya Benki ya Dunia ya mwaka 1974 na 1977 iligharimia miradi ya aina mbili. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vyenye huduma za msingi ili watu wajijengee, na Manzese, iliyokuwa imejaa tayari, ikachongewa barabara na kupitishiwa mabomba. Kwa mwanafunzi wa mipango, tofauti ya aina hizo mbili ilikuwa somo tosha. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama viliangukia kwa wingi mikononi mwa watu wenye kipato kuliko wale waliokusudiwa. Manzese ilibaki na watu wake.

Ufundishaji ulishika umbo ambalo kwa sehemu kubwa lingalipo. Uti wa mgongo wake ni studio, chumba chenye meza kubwa za kuchorea ambamo kundi la wanafunzi hupewa eneo halisi, hulitembelea, huhesabu nyumba, huhoji wakazi, huchora hali ilivyo na kisha hupendekeza mpango. Kazi huwekwa ukutani na kukosolewa mbele ya wote, na mikesha ya kuiwahi siku ya kuwasilisha ni sehemu ya maisha ya chuo. Masomo ya sheria ya ardhi, uchumi, takwimu, upimaji na sosholojia huizunguka studio. Likizo ndefu hutumika kwa mafunzo kwa vitendo katika halmashauri, wizara au kampuni, na huko mwanafunzi hukutana na mafaili ya viwanja, migogoro ya mipaka na fidia ambazo hazijalipwa.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Halmashauri za miji zilirudishwa kuanzia mwaka 1978, baada ya huduma kuzorota na kipindupindu kuzuka, lakini zilirudi zikiwa na mifuko mitupu. Mpango mkuu wa tatu wa Dar es Salaam, wa mwaka 1979, uliotengenezwa tena na Wakanada, haukupata fedha za kuutekeleza. Mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi iliruhusu wasio na kazi rasmi kukamatwa na kurudishwa vijijini. Wengi walirudi mjini mara tu walipopata nauli. Mji uliendelea kukua kwa njia yake, na sensa ya 1988 ikakuta mkoa wenye watu zaidi ya milioni 1.3.

Wakati huohuo chuo kilikuwa kikiwekeza kwa walimu wake. Ushirikiano na Uholanzi ulizaa kituo cha mafunzo ya nyumba, na walimu vijana walipelekwa kusomea shahada za uzamivu nchi za nje, wengine wakiishia vyuo vya Ujerumani na Skandinavia. Waliporudi walikuwa wameandika tasnifu juu ya mji wao wenyewe. Lusugga Kironde, aliyesomea uzamivu Nairobi, alifuatilia matumizi ya ardhi ya Dar es Salaam kwa miaka mia moja, kuanzia 1890 hadi 1990. Wilbard Kombe, aliyesomea Dortmund, aliuliza swali ambalo sheria ya 1956 isingeweza kuliuliza: kama serikali haigawi viwanja vya kutosha, nani anavigawa?

Jibu lilipatikana mitaani. Katika makazi yaitwayo holela, mtu hapati ardhi kwa kuikalia tu. Hununua kwa mwenye shamba au mrithi wake. Mauzo huandikwa kwenye karatasi, hushuhudiwa na majirani wanaopakana, na mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa hutia sahihi na muhuri. Mipaka huwekwa kwa miti ya minyaa au michongoma, na njia ya kupita huachwa kwa makubaliano. Utaratibu huo hufanya kazi vizuri pale nyumba zinapokuwa chache, kwa sababu majirani wanafahamiana na mwenyekiti ana nguvu ya kumzuia anayeziba njia. Hulegea eneo linapojaa: mwenye kiwanja hukata kipande akauza, uchochoro hunyonywa na kuta, na lori la maji taka hukosa pa kupita. Kombe na mwenzake wa Dortmund, Volker Kreibich, waliuandikia sana mfumo huu na kupendekeza kwamba dola lishirikiane nao badala ya kuupuuza. Hapo hatimaye njia ya mchoro na njia ya kuuliza zilikutana katika chumba kimoja, na matokeo yake yakaingia katika mihadhara waliyosikiliza wanafunzi wa miaka ya 1990.

Mabadiliko ya hadhi yalifuata. Tarehe 1 Julai 1996 Chuo cha Ardhi kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikijulikana zaidi kwa kifupisho chake cha Kiingereza, UCLAS, na badala ya stashahada kikaanza kutoa shahada. Mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi kinachojitegemea. Shahada ya kwanza ya mipangomiji na mikoa huchukua miaka minne. Kando yake zimeongezwa nyingine, kama ile ya mipango ya nyumba na miundombinu na ile ya mipango ya maendeleo ya mikoa, na mwanafunzi wa leo anaweza kuusoma mji kwa kupitia usanifu majengo, uthamini, uhandisi wa mazingira au maendeleo ya jamii katika eneo lilelile. Wingi huo una faida zake, ingawa umegawa pia wanafunzi ambao zamani wangeketi meza moja.

Sheria zilibadilika sambamba na mitaala. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 zilitambua kwamba wakazi wa maeneo yasiyopangwa wana haki zinazostahili kulindwa na kurasimishwa. Mjini Dar es Salaam wamiliki wa nyumba walianza kupewa leseni za makazi katika miaka ya 2000. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulirudi kwenye njia ya kale ya kupima pembezoni na kuuza. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walichimba mifereji na kutengeneza barabara zao kwa kazi ya malipo, na walimu wa Ardhi wakiwa miongoni mwa washauri wao. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 ilichukua nafasi ya ile ya 1956, na sheria nyingine ya mwaka huohuo ikaanzisha bodi ya kusajili wataalamu wa fani hii. Tangu hapo shahada peke yake haitoshi. Mhitimu anayetaka kutia sahihi mchoro wake mwenyewe hana budi asajiliwe.

Mafuriko nayo yaliingia darasani. Mwaka 2011 wanafunzi wa Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya kata hiyo, wakipita vichochoroni na vifaa vya GPS kuonyesha mifereji, vyoo, maduka na madampo. Desemba mwaka huo mvua kubwa ziliwaua watu na kuwahamisha wengine wengi katika bonde la Msimbazi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwakusanya mamia ya wanafunzi wa Ardhi na wa Mlimani, pamoja na wakazi, kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko na kuziweka kwenye ramani ya wazi ya mtandaoni. Data hizo hutumiwa na wasimamizi wa maafa na wapanga mifereji. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili faida ilikuwa ya karibu zaidi: alijua kwa macho yake maji ya Tandale yanatoka wapi na yanakwamia kwa nani.

Nairobi ilifika mahali panapofanana kwa mzunguko wake. Idara ya mipangomiji ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza mwaka 1971 kama ya shahada ya uzamili, na masomo ya shahada ya kwanza yakaongezwa baadaye sana. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilipotangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, vyuo vikuu, mashirika ya kiraia na Muungano wa Wanavijiji viligawana kazi ya kukusanya taarifa na kuandaa mpango wa eneo lenye maelfu ya kaya zilizokaa juu ya ardhi iliyomilikiwa kwa hati na watu wengine.

Wahitimu wa Ardhi leo hupatikana katika halmashauri kama maofisa mipangomiji, katika wizara inayoshughulikia ardhi, katika miradi ya mabonde na usafiri, na kwa wingi unaoongezeka katika kampuni binafsi za urasimishaji, zinazochora na kupima mitaa iliyokwisha kujengwa ili wakazi wapate hati. Fundi sanifu wa upimaji na mipango hufundishwa pia katika vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro, na Chuo cha Mipango cha Dodoma huandaa wapangaji wa maendeleo vijijini na mikoani. Mpango mkuu wa sasa wa Dar es Salaam, wa mwaka 2016 hadi 2036, uliandaliwa na kampuni za kigeni zikishirikiana na za Tanzania, na unahusu jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wengi wao wakiishi katika nyumba zilizojengwa kabla mchoro haujafika.